Aliyeitika Jina la Asmaa

Ukitaka kukosana na Bi Mwanatabu wa Mtongwe, mwite ukiwa nyuma ya ukuta. Hatakuitika. Utaita mpaka koo likukauke, na yeye yuko papo hapo uani, umemsikia akikohoa, makuti anayoshona yanachakacha mapajani, lakini jibu hupati. Ni mpaka uzunguke upite banda la kuku, usimame mbele yake akuone sura na miguu. Hapo ndipo atakapotabasamu: "Ah, kumbe ni wewe Dama! Karibu mwanangu." Nilipoletwa hapa kutoka Kaloleni nikiwa bibi harusi wa Chengo, wiki ya kwanza nilidhani mama wa watu ni kiziwi. Wiki ya pili nikaamua ana maringo.

Na simu ndiyo usiseme. Binti yake, anayefanya usafi katika hoteli moja huko Shanzu, alimnunulia kisimu cha kubonyeza ili wajuliane hali. Kikilia, Bi Mwanatabu hukitazama tu kikilia mpaka kinyamaze chenyewe. Mjukuu wake Asmaa ndiye aliyekuwa akikipokea, na hata yeye, kabla ya salamu, ilibidi amuulize mpigaji: wewe nani, na mama yako nani? Siku moja mtu wa matangazo alipigwa swali hilo, akaona bora akate. Sisi majirani tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, maana mdomo wangu haunaga breki.

Sikucheka tena baada ya siku ile aliyoniambia sababu. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule, na siku hiyo nilikuwa nampima Asmaa sketi ya kidato cha tatu. Nilimwita Bi Mwanatabu kutoka kibarazani aje aone urefu, naye kama kawaida kimya. Nikapandwa na hasira. Nikamfuata uani nikamwambia, "Bi Mwanatabu, shikamoo zangu zote unazipokea, mbona mwito wangu huutaki? Nimekukosea nini?"

Akaweka kuti chini. Akasema, "Marahaba. Kaa."

Alikuwa na dada mkubwa, Mwanasha. Mwanasha alimaliza darasa la saba akafaulu vizuri, na akachaguliwa kuendelea na masomo ng'ambo ya kivuko. Siku ya kusomwa majina ya waliochaguliwa, watoto waliitwa uwanjani, mmoja mmoja, kila mtu aitike asimame na mzazi wake. Baba yao, Mzee Bakari, mkulima wa mihogo na korosho, alimkataza asiende. Wakati huo hakuna basari ya kulipia karo, hakuna wa kuombwa. "Utaitika nini, na hakuna wa kukulipia?" alimwambia. Basi jina la Mwanasha likaitwa uwanjani, yeye akiwa nyumbani anapepeta mchele, na upepo ukawaletea sauti mpaka jikoni. Nafasi yake akapewa mwingine.

Haikupita muda, Mwanasha na Mwanatabu walikwenda kwenye mikoko kuokota chaza. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, maji yamekupwa. Sauti ikaita kutoka ndani ya mikoko: "Mwanasha!" Ikaita tena: "Mwanasha!" Mwanasha akaacha kikapu kikaanguka, akaitika, "Abee!" Bi Mwanatabu aliniambia kwamba kilichomtia hofu hakikuwa ile sauti iliyoita. Ilikuwa ni furaha ya dada yake alivyoitika. Akaingia kwenye mikoko mbio, tope likimrukia, na hakutoka. Maji yalipojaa wanaume walimtafuta mpaka wakachoka, wakapata kikapu tu.

Wazee wakasema ni jini. Tangu hapo mama yao akaweka sheria ya nyumba: sauti ambayo mwenyewe humuoni, usiiitike. Jini huita mara moja, huita mara mbili, lakini mara ya tatu haliiti. Ya tatu ni ya binadamu.

"Na wewe," nikamuuliza, "umewahi kuitwa?"

"Tangu mwaka ule ule," akasema. "Adhuhuri, kutoka upande wa mikoko. 'Mwanatabu! Mwanatabu!' Mara mbili, kwa sauti ya msichana. Naingia ndani, nafunga mlango, nasoma Ayatul Kursi."

"Mpaka leo?"

"Mpaka juzi."

Haki ya Mungu, sindano niliyoishika ilinichoma kidole na sikuihisi. Asmaa alikuwa amesimama mlangoni na sketi yenye pini, anatusikiliza kama mtu asikilizaye habari za bei ya unga. Kwao hayo yalikuwa mambo ya kawaida. Alilelewa na sheria ile kama wengine walivyolelewa na kunawa mikono.

Sasa Asmaa. Mtoto ana kichwa, mtoto ana adabu, na anapenda shule mpaka inakera. Baba yake, Sharif, alikwenda zake zamani. Mama yake hutuma anapoweza, na hoteli zikikosa wageni hawezi. Mwaka ule hoteli zilikosa wageni. Asmaa akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akakaa kibarazani kwangu anakunja sare za watoto wengine bila neno. Mimi moyo uliniuma, sikufichi. Nilimwona akishika mfuko wa shati jipya la mtu, akiupapasa, kisha akilirudisha shati.

Tumaini lilikuwa basari ya wadi. Lakini mwaka huo kamati ilikuja na utaratibu mpya. Watu walikuwa wamelalamika kwamba pesa za umma zinalipia watoto wasiokuwako, majina matupu. Basi ikaamuliwa kila mwombaji aje mwenyewe katika uwanja wa shule ya msingi, aitwe mbele ya watu, aitike. Mwenyekiti alikuwa Gershom, kijana wa Chaani mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Wao maafisa walijifungia darasani kwa sababu ya vumbi, sisi huku nje juani, kipaza sauti wamekifunga kwenye ukingo wa paa.

"Wazazi, habari zenu," kipaza sauti kikasema, na Gershom mwenyewe hatumuoni. "Pesa hizi ni jasho la kila mtu. Umma haumlipii mtoto asiyekuwako. Jina litaitwa mara mbili. Asiyeitika, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Aliyeitika amepata, na malipo yatakwenda moja kwa moja shuleni."

Nyuma yangu alikuwa Tinga, wa pikipiki, ameikalia pikipiki yake kama kiti cha enzi. Hana mtoto mkubwa, alikuja kutazama tu. Akaanza: "Jasho langu mimi! Nalipa kodi kwenye petroli, nalipa kwenye unga, nalipa kwenye sabuni, ili majitu mazima yenye ndevu yakakae darasani? Mimi umri huo nilikuwa nimeshaanza kubeba magunia."

"Na ndiyo maana mpaka leo unabeba, Tinga," nikamwambia. Watu wakacheka. "Mkeo alipojifungua Ramadhani iliyopita, muuguzi aliyemzalisha alishuka mbinguni? Ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Vimeundwa kwa mbao zangu!"

"Zako na zangu. Nyamaza."

Majina yakaanza kuitwa. Watoto wanaitika, wengine kwa aibu, wengine kwa kelele, na kila aliyeitika mama yake anapiga kigelegele. Rosalia, jirani yetu, aliruka Purity wake alipoitika mpaka kiatu kikamvuka. Mimi nikamtazama Asmaa. Amesimama wima karibu na nyanya yake, ameshikwa mkono. Kwanza sikuelewa kwa nini Bi Mwanatabu anatazama paa namna ile, macho yamemtoka. Kisha nikaelewa.

Sauti. Haina mtu.

"Asmaa Sharif!"

Asmaa akamtazama nyanya yake.

"Itika wewe!" nikamwambia.

"Ngoja ya tatu," Bi Mwanatabu akasema.

"Ya tatu ipi? Hakuna ya tatu! Wamesema mbili! Bi Mwanatabu, huyo ni Gershom, mtu mwenye mke na watoto, yuko ndani hapo anakunywa soda!"

"Nimuone."

"Asmaa Sharif!"

Msichana alikuwa analia. Midomo imebana, machozi yanatiririka, na kiganja cha nyanya yake kimekaza mkono wake mpaka vidole vimebadilika rangi. Nikafungua mdomo nimwitikie mimi, liwalo na liwe. Sikuwahi.

"Abee!"

Ilitoka nyuma yetu, kwenye ua wa michongoma pale ardhi inapoteremkia mikokoni. Sauti ya msichana, safi, ndefu, yenye furaha ya kuumiza. Watu wote waligeuka. Pale uani hapakuwa na mtu, ila mbuzi mmoja, naye aliacha kutafuna.

"Haya, yupo," kipaza sauti kikasema. "Anayefuata."

Nikamtazama Asmaa. Mdomo ulikuwa ungali umefungwa. Bi Mwanatabu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na buibui lake, uso umekuwa rangi ya jivu. Alisema neno moja tu: "Mwanasha."

Mimi sasa, kwa ujinga wangu, nilifurahi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nampigia kelele za pongezi. Aliitika nani, aliitika nani, yanini? Mtoto amepata! Jumatatu anarudi shule! Bi Mwanatabu alitembea bila kunijibu mpaka tulipofika kwenye banda lake la kuku. Ndipo akasema, "Hajapata. Aliyepata ni aliyeitika."

"Bi Mwanatabu, usiniudhi."

"Jini limeitikia jina lake. Akienda kukalia nafasi ile atakuwa mali yao. Nilipoteza mmoja, Dama. Wa pili sitoi."

Tuligombana, wacha tugombane. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama wa makamo yake. Nilimwambia umma mzima umelipa ili mtoto asome, na yeye anamfungia ndani kwa ajili ya upepo. Aliporudi uani nikamwita mara kumi kutoka barabarani kwa kusudi tu. Asmaa akabaki nyumbani anashona makuti. Alishona vibaya, mishono inakwenda kombo, na nyanya yake anaifumua kimya kimya na kuirudia.

Siku hazikwenda nyingi, jioni moja Asmaa alikuwa kibarazani kwangu, amekaa kwenye ngazi. Purity wa Rosalia akaja na sketi yake iliyofumuka, ametoka shule moja kwa moja, mkoba begani. Wanasoma darasa moja, wanakaa dawati moja. Alipomwona Asmaa akasimama ghafla.

"Wewe umenitanguliaje?" akauliza. "Nimekuacha darasani."

Nikadhani ni mzaha wa wasichana. "Asmaa yuko hapa tangu asubuhi," nikasema.

"Hapana, mama. Nimekaa naye leo. Nimekaa naye wiki nzima." Purity akatutazama mmoja mmoja akingoja tucheke. "Ila siku hizi hasemi na mtu. Kipindi cha mapumziko hatoki. Mwalimu akiita jina lake anaitika 'abee' kwa sauti kubwa, darasa zima linacheka, na yeye hajali, anafurahi tu. Na upindo wake umelowa kila siku. Nilimuuliza, unapita wapi unalowa hivyo? Akanitazama."

"Akakutazama vipi?" Asmaa akauliza polepole.

Purity aliiacha sketi yake kwenye cherehani akaondoka, na kutoka siku ile mpaka mambo yalipokwisha shuleni alikaa dawati la mbele, wamebanana watatu.

Mimi si mtu wa kuhadithiwa. Kesho yake nilikuwa na sare za kupeleka pale shuleni, nikabeba fungu langu kichwani nikaenda. Nikapita nyuma ya madarasa, upande wa madirisha. Lilikuwa somo la hesabu. Kwenye dawati la karibu na dirisha alikuwa amekaa msichana mmoja peke yake, amenipa mgongo, mtandio mweupe kichwani.

Nimepima watoto wa mtaa huu miaka mingi, mgongo wa mtoto naujua kabla ya kuuwekea utepe. Asmaa ana mabega mapana ya baba yake. Huyu mabega yalikuwa membamba, ya mtoto wa miaka kumi na minne. Na chini ya ule mtandio hakuvaa shati na sketi. Alivaa gauni la kitambaa kilichopauka, kiuno cha marinda, mshono wa mkono wa zamani ambao siku hizi hakuna anayeujua. Hakuwa na kalamu wala daftari. Alikuwa anaandika juu ya dawati kwa kidole kilicholowa maji, anafuata kila kinachoandikwa ubaoni, na kabla hajamaliza mstari, wa juu unakauka. Akawa anaanza upya.

"Asmaa," mwalimu akaita, yuko ubaoni, hajageuka.

"Abee, mwalimu!"

Furaha ile. Jamani, furaha ile ilinivunja kuliko hofu. Kisha yule msichana akaanza kugeuza kichwa upande wa dirisha, polepole, na mimi sikungoja. Fungu la sare nililitupa mlangoni kwa karani, nikatoka nje ya lango natembea kama mtu anayekimbia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanatabu. Sikuita. Nilizunguka banda la kuku, nikasimama mbele yake, nikamweleza yote. Akashika tama. "Nilikwambia," akasema. "Ni jini."

"Jini?" nikasema. "Jini lina haja gani na hesabu za kidato cha tatu?"

Akaokota kuti lake.

Sasa mimi ni mtu wa kanisa, nimebatizwa, naimba kwaya, na haya nisingependa padre ayasikie. Lakini nilizaliwa katika boma lenye koma, roho za wafu wetu. Kwetu, mfu wa nyumbani akikuita hufungi mlango. Unatoka unamuuliza: wataka nini? Akitaka uji anamwagiwa. Akitaka nguo anavikwa, kwa sababu koma huona baridi na huona uchungu wa kusahauliwa, naye husumbua watoto mpaka wakubwa wamsikie. Jini ndilo usilijibu. Koma usipomjibu ndiyo unamkosea. Nikamwambia Bi Mwanatabu hivyo hivyo. Nikamwambia, "Umekaa na dada yako mlangoni umri wako wote, ukimdhania jini."

"Astaghafirullah! Jini huita mara mbili, Dama. Yule huita mara mbili."

"Na ya tatu? Umewahi kuingoja?"

Nikamwona anaanza kuhesabu adhuhuri zote zile moyoni mwake, milango yote ile aliyoifunga.

"Nani angengoja?" akasema. "Nilikuwa mtoto. Kisha nikazoea."

Mchana ule ule nilikata kitambaa. Shati jeupe, sketi ya buluu, kwa kipimo nilichokiona dirishani. Bi Mwanatabu alikaa karibu na cherehani tangu mwanzo hadi mwisho, na vifungo alivishona yeye kwa mkono wake. Asmaa alipiga pasi. Hakuna aliyezungumza, na mimi kukaa kimya muda wote ule si jambo dogo.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na mtaa umetulia, tulikwenda watatu mpaka kwenye kivuko cha zamani. Pale saruji inateremka majini na kuota kijani, pembeni ni uzio wa kambi ya wanamaji, na upande wa pili mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. Kaa walikuwa wengi kwenye tope, wanapunga makucha yao. Bi Mwanatabu akatundika sare kwenye tawi la mkoko, akainyoosha kola.

Kaa wakaingia mashimoni, wote kwa pamoja.

"Mwanatabu!"

Niliisikia kwa masikio yangu haya. Ilitoka ndani, si mbali. Asmaa akanishika kanga.

"Mwanatabu!"

Bi Mwanatabu akageuka aondoke. Sidhani kama alikusudia, miguu ilikwenda yenyewe kwa mazoea. Nikamkamata mkono. "Ngoja," nikamwambia. "Ngoja, mama." Midomo yake ilikuwa inasoma aya. Tukangoja. Nilisikia tope likipumua, na kwa mbali honi ya feri huko Likoni. Nikaanza kufikiri kwamba nimemdanganya mama wa watu, na kwamba nimewaleta hapa sote tuangamie.

Kisha ikaita. Mara hii kwa chini, sauti ya mtu aliyechoka ambaye hatarajii kitu.

"Mwanatabu."

"Abee," Bi Mwanatabu akasema. "Abee, dada!" Na akalia, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, mtu mzima yule, na mvi zake. "Nilidhani si wewe! Wallahi nilidhani si wewe! Ulikuwa unaniita na mimi nakufungia mlango! Nisamehe, dada yangu. Hatukuwa na cha kukulipia. Uliitwa na tukakuzuia kuitika. Sare yako hii, nimekuletea. Lakini nafasi ile ni ya mtoto. Mwachie mtoto, dada. Huyu amepata watu wa kumlipia. Mwachie asome."

Yalichakacha majani tu. Nikawaambia twende, na tusigeuke nyuma, maana kwetu aliyepewa nguo haangaliwi akivaa. Tulipofika juu kwenye barabara nilisikia nguo ikikung'utwa, mara moja, vile mtu anavyoikung'uta nguo mpya kabla ya kuivaa. Asmaa naye alisikia. Tuliendelea kutembea.

Jumatatu Asmaa alirudi shule. Alikuta dawati limelowa, akalipangusa kwa mtandio wake, akakaa. Purity alimchungulia kutoka mbele, akamtazama mabega, kisha akachukua mkoba wake akarudi kukaa naye. Na Bi Mwanatabu sasa simu anaipokea mwenyewe, kwa kelele za kuamsha mtaa. Ukimwita kutoka barabarani anaitika kabla hujamaliza jina lake. Imekuwa kero.

Mwaka uliofuata tukaitwa tena uwanjani, vumbi lile lile, paa lile lile. Tinga naye yupo na pikipiki yake, kodi yake bado inamuuma. "Asmaa Sharif!" Asmaa akaitika mwito wa kwanza, kwa sauti kubwa mpaka Gershom akacheka ndani ya kipaza sauti. Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikanikatika. Majina yakaisha. "Kuna aliyesahauliwa?" Gershom akauliza, karatasi tunazisikia anazikusanya.

Bi Mwanatabu akaenda mpaka dirishani akaligonga. "Mwanasha Bakari," akasema.

"Mama, jina hilo sinalo."

"Najua huna. Hataki pesa ya mtu. Liite tu, mwanangu. Mara tatu."

Gershom alimtazama. Sijui aliona nini usoni pale. Alikuwa na haraka zake, na bado akashika kile kipaza sauti.

"Mwanasha Bakari!"

Hakuna aliyecheka. Wengi walikuwepo mwaka jana.

"Mwanasha Bakari!"

Mbuzi kwenye ua wa michongoma akainua kichwa.

"Mwanasha Bakari!"

"Abee!"

Ilitoka kule kule mteremkoni, safi, ndefu. Kisha Gershom akasema yale anayoyasema kwa kila mtoto, labda kwa kukosa mengine: "Haya. Yupo. Apite."

Watu wakapisha. Kuanzia kwenye ua wa michongoma mpaka mlango wa darasa, bila kuambiwa, akina mama wakavuta watoto wao, wanaume wakarudi nyuma, pakawa na njia katikati ya uwanja. Pikipiki ya Tinga ilikuwa imeziba pale mwisho, karibu na ngazi. Alishuka, akaisukuma kando.